Namna ya Kuupanga Wimbo Bila Kuanzia Mwanzo Wake

Mtayarishaji wa muziki anayeanza kazi hufungua programu yake, akaona mstari wa muda umelala kutoka kushoto kwenda kulia, na papo hapo akaamini kwamba wimbo nao lazima utengenezwe kwa kufuata njia hiyo hiyo. Huanza na utangulizi. Huupamba utangulizi siku mbili nzima, huongeza ubeti, na anapofika kwenye kiitikio, yaani sehemu ambayo ndiyo itakayokaa midomoni mwa wasikilizaji, masikio yamekwisha kuchoka na sauti zote nzito amekwisha kuzitumia. Nimewaona wengi wakikwama hapo, na mimi mwenyewe nilikwama hapo kwa muda mrefu. Njia ninayoieleza hapa ni ile iliyonitoa: kila sehemu ya wimbo itengenezwe kwa wakati wake bila kujali itakaa wapi, mfuatano uamuliwe kwa kupiga na kusikiliza, na mstari wa muda uje baadaye kabisa.

Utaratibu huu si mgeni katika muziki wetu. Bendi za dansi zilizokwenda kurekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga wimbo mzima kwa pamoja mbele ya maikrofoni, kwa hiyo maswali ya nani aingie lini, kiitikio kirudiwe mara ngapi na gita lipewe nafasi wapi yalikuwa yamejibiwa mazoezini kabla bendi haijaingia studio. Katika rumba ya Kongo, sebene, yaani sehemu ya kuchezesha inayoongozwa na magita, ikipigwa jukwaani haina urefu uliopangwa: bendi huzunguka juu ya kodi (mafungu ya noti zinazolia pamoja) chache zile zile, gita la solo hubadilisha michoro yake, atalaku, yaani mwitaji anayewachangamsha wachezaji, hutia miito, na mzunguko huendelea mpaka itolewe ishara ya kubadili. Wanamuziki hao hubeba vichwani vipande vya wimbo na hujua kipande gani kinaweza kufuata kipi. Sisi tunaofanya kazi peke yetu chumbani na kompyuta tumepata studio lakini tumepoteza mazoezi. Kupanga wimbo bila kufuata mstari wa muda ni kuyarudisha mazoezi hayo ndani ya kompyuta, na ukilishika jambo hili moja, mbinu zote zinazofuata zitakuwa na maana.

Anza na sehemu nzito kuliko zote

Tuchukue mfano wa wimbo wa Bongo Fleva wenye mwendo wa mapigo 100 kwa dakika, ukihesabiwa mapigo manne katika kila kipimo. Kipimo kimoja huchukua sekunde 2.4, vipimo 8 huchukua sekunde 19.2, na wimbo wa vipimo 80 utakwisha baada ya dakika 3 na sekunde 12. Ni vyema kuzijua hesabu hizi kabla ya kugusa kinanda, kwa sababu zinakuonyesha kwamba huhitaji vitu vingi: ukipata vipimo 8 vilivyokamilika kweli kweli, tayari umeshika sehemu ya kumi ya wimbo wote, na sehemu kubwa ya vilivyobaki itazaliwa humo humo.

Vipimo hivyo 8 viwe vya kiitikio, tena kiitikio cha mwisho, kile ambacho kila chombo kimo ndani. Weka kiki (ngoma nzito), sneya (ngoma kali), hihati (matoazi), shekere, besi, kinanda, gita na sauti za kuitikia, kila kimoja katika treki yake, yaani njia yake peke yake ndani ya programu, na usiache kazi mpaka sehemu hiyo ikusisimue kwa sauti ndogo kabisa ya spika. Sababu ya kuanzia hapa ni kwamba kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Ukiwa na kiitikio kilichojaa, ubeti utaupata kwa kuondoa gita na sauti za kuitikia na kuipunguzia besi nusu ya noti zake. Utangulizi utaupata kwa kubakiza kinanda na shekere peke yake. Ukianza na ubeti mwembamba, kila unachokiongeza baadaye kitapambana na kilichotangulia kutafuta nafasi.

Kuna tahadhari hapa ambayo wengi hawapewi. Wimbo uliozaliwa wote kutokana na vipimo 8 huchosha, hata kama vyombo vinaingia na kutoka kwa ufundi, kwa sababu sikio linatambua kwamba kodi ni zile zile tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo tengeneza walau sehemu moja isiyotokana na kiitikio, yenye kodi zake na ikiwezekana mdundo wake, hata ikiwa ni ya vipimo vinne tu. Mimi huitengeneza mapema, siku ile ile ya kiitikio, ningali na nguvu, kwa sababu ikiachwa hadi mwisho huwa haifanyiki.

Kwa wanaotengeneza singeli, hesabu hubadilika. Mwendo ukiwa mapigo 220 kwa dakika, vipimo 8 vinapita kwa muda usiofika sekunde 9, kiasi kwamba msikilizaji hajatulia na sehemu imekwisha. Hapo sehemu zihesabiwe kwa vipimo 16 au 32, na kiitikio cha kuanzia nacho kiwe kirefu kwa kiwango hicho.

Mazoezi ndani ya Ableton Live

Programu ya Ableton Live, iliyotoka mwaka 2001, ndiyo iliyoifanya njia hii ijulikane sana, kwa sababu ina kurasa mbili za kufanyia kazi katika wimbo mmoja. Ukurasa wa Session View ni jedwali: treki zimesimama wima, na ndani yake zimo klipu, yaani vipande vya sauti au vya noti vinavyojizungusha. Ukurasa wa Arrangement View ndio mstari wa muda tuliouzoea. Kitufe cha Tab hukuhamisha kutoka mmoja kwenda mwingine.

Klipu zilizo katika safu moja ya mlalo huwashwa kwa pamoja kwa kubonyeza kitufe cha safu hiyo upande wa kulia. Safu moja, basi, ni sehemu moja ya wimbo. Weka kiitikio chako kizima katika safu ya kwanza na uiite kwa jina lake. Kisha zima klipu moja moja wakati muziki unaendelea, na kila unapofikia mchanganyiko unaopendeza, bonyeza Ctrl, Shift na I kwa pamoja, au Cmd, Shift na I katika kompyuta ya Mac. Programu itatengeneza safu mpya yenye klipu zile tu zinazolia wakati huo. Kwa dakika ishirini za kusikiliza namna hii utakuwa na safu sita au saba, na hutakuwa umenakili chochote kwa mkono. Zipe majina yanayoeleza kazi yake, kama vile ubeti mwembamba, ubeti mzito, daraja na pumziko. Majina ya namba hayakusaidii chochote wakati vidole vinatafuta sehemu inayofuata na muziki unakimbia.

Lipo jambo dogo linalowasumbua wageni. Nafasi tupu katika jedwali si tupu kweli, kwani ina kitufe cha kusimamisha, na safu ikiwashwa, treki yenye nafasi tupu hunyamaza. Mara nyingi hilo ndilo unalotaka. Lakini ukitaka shekere iendelee kulia bila kukatika huku safu zikibadilika, chagua nafasi tupu za treki hiyo na ubonyeze Ctrl na E, au Cmd na E, ili kuviondoa vitufe vya kusimamisha. Shekere ikishawashwa itapita kutoka sehemu hadi sehemu kama mpiga shekere halisi asiyejali mwimbaji amefika wapi.

Klipu haziruki mara unapobonyeza. Kwa kawaida husubiri kipimo kinachofuata kianze. Hivyo huna haja ya kuwa na mkono mwepesi. Unachotakiwa kuwa nacho ni uamuzi kabla ya kipimo kwisha, na uamuzi huo ndio zoezi lenyewe.

Ukishazoea safu zako, kusanya pumzi, bonyeza kitufe cha kurekodi kilicho juu ya ukurasa, na uupige wimbo mzima kwa kuwasha safu moja baada ya nyingine mpaka mwisho. Usisimame ukikosea. Programu itaandika kila ulichofanya katika Arrangement View. Ukienda huko na kubonyeza kitufe cha kucheza, huenda ukasikia safu ya mwisho ikiendelea kujizungusha na kudhani kazi imepotea, haijapotea. Treki moja haiwezi kupiga klipu ya jedwali na ya mstari wa muda kwa wakati mmoja, na ya jedwali ndiyo iliyo na kipaumbele mpaka utakapobonyeza kitufe cha Back to Arrangement.

Rekodi mara tatu, kila mara wimbo mzima, bila kurekebisha kitu katikati, na uhifadhi kila mara kwa jina jipya la faili. Mara ya kwanza utapiga ulichokuwa umekipanga kichwani. Mara ya pili utaanza kuchoka na hicho. Mara ya tatu, kwa uzoefu wangu, ndiyo inayokuja na jambo ambalo usingelifikiria ukiwa unaburuta vipande kwa kipanya.

Niliwahi kufanya kazi na dada mmoja aliyekuja na ubeti wa mistari minne, nami nilikuwa nimeutengea vipimo 16 kabla ya kiitikio. Tulipokuwa tunafanya mazoezi nikabonyeza safu ya kiitikio mapema kwa bahati mbaya, baada ya vipimo 8 tu. Yeye hakusita, alikiimba kiitikio, kisha akaimalizia mistari yake miwili iliyobaki baada ya hapo. Mistari miwili ya kwanza ilikuwa inauliza swali na kiitikio kilikuwa jibu, nasi hatukuwa tumeliona hilo kwa wiki nzima. Akaniambia, "Kaka, hapo hapo, usirudishe." Wimbo ulibaki hivyo.

Katika FL Studio

Katika studio nyingi za mtaani ninazoingia, programu ninayoikuta ni FL Studio, ambayo ilianza mwaka 1997 kwa jina la FruityLoops. Kimsingi programu hii tangu asili yake haifuati mstari wa muda: unatengeneza pateni, yaani vipande vifupi vya noti, kisha unazipaka katika Playlist, ambao ndio mstari wake wa muda, popote unapotaka. Tatizo ni mazoea ya kuweka biti nzima, kuanzia kiki hadi kinanda, ndani ya pateni moja. Ukifanya hivyo umejifunga, kwa kuwa huwezi kuondoa kinanda katika ubeti bila kukiondoa katika kiitikio. Kila chombo kiwe na pateni yake, na kama umekwisha kuvichanganya, fungua menyu ya pateni na utumie Split by channel, ambayo itaigawa pateni hiyo kwa kila chombo.

Sifa kubwa ya pateni ni kwamba ukiirekebisha mahali pamoja inabadilika kila ilipowekwa. Ukiipata besi bora zaidi usiku wa manane, wimbo wote unaipata. Sifa hiyo hiyo ndiyo mtego: unapotaka kiki idunde tofauti katika kiitikio cha mwisho peke yake, bonyeza kona ya juu kushoto ya klipu hiyo na uchague Make unique kabla ya kugusa noti hata moja.

Kwa ajili ya mazoezi, FL Studio ina Performance Mode inayowasha klipu moja kwa moja, lakini maandalizi yake ni marefu, na mimi naona kuna njia nyepesi zaidi. Tangu toleo la 20, la mwaka 2018, wimbo mmoja unaweza kuwa na mipangilio kadhaa ndani ya faili moja, na kila mpangilio unaweza kunakiliwa. Ufanye mpangilio wa kwanza kuwa ghala: panga humo sehemu zako zikiwa zimeachana, kiitikio kikianzia kipimo cha 1, ubeti kipimo cha 21, daraja kipimo cha 41, kila sehemu ikiwa na alama yake ya jina, ambayo huwekwa kwa Alt na T. Mpangilio wa pili na wa tatu uwe mahali pa kujaribu mifuatano. Ukiharibu mmoja, ghala lipo, na kuilinganisha mifuatano miwili kunahitaji kubadili jina juu ya ukurasa tu.

Wanaotumia toleo la majaribio la FL Studio wakumbuke kwamba kazi iliyohifadhiwa humo haitafunguka tena mpaka programu ilipiwe. Kwa hiyo kazi ya siku nyingi ya namna hii haiwezekani kwa toleo hilo, na ni heri kulijua jambo hili siku ya kwanza.

Programu nyingine nitazitaja kwa haraka, kwani wazo ni lile lile. Bitwig Studio huonyesha jedwali la klipu na mstari wa muda pamoja katika ukurasa mmoja. Logic Pro ilipata Live Loops mwaka 2020, na humo sehemu za wimbo husimama wima badala ya kulala. Cubase ina treki ya kupangia mfuatano, ambayo husoma sehemu kwa utaratibu ulioutaja, na ukiridhika unaubadilisha kuwa mstari wa kawaida. Katika Studio One na katika REAPER unaweza kuishika sehemu nzima kwa jina lake na kuiburuta, na kila kilichomo kikafuata. Mwenye iPhone tu, bila kompyuta, ataipata Live Loops bila malipo ndani ya GarageBand.

Sauti ya mwimbaji haikatwi kwenye mstari wa kipimo

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika, na chanzo chake ni lugha yetu yenyewe. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na kitenzi chetu hutanguliwa na viambishi. Mwimbaji akiimba "nimekungoja", silabi ya "ngo" ndiyo itakayotaka kukaa juu ya pigo la kwanza la kipimo, na "ni-me-ku" zitaimbwa kabla yake. Kwa mwendo wa mapigo 100, silabi hizo tatu zikiimbwa kila moja kwa nusu pigo, sauti inaanza sekunde 0.9 kabla ya kipimo unachokiona kwenye kioo. Sasa ukikata kiitikio sawasawa juu ya mstari wa kipimo na kukihamishia mbele, msikilizaji atasikia "ngoja". Mtu aliyekuwa akimwambia mpenzi wake kwamba amemsubiri amegeuka kuwa mtu anayemwamuru asubiri. Mimi mwenyewe niliwahi kumpelekea mteja wimbo wenye kasoro ya namna hiyo, na yeye ndiye aliyeigundua.

Kwa hiyo vyombo vikatwe kwenye mstari wa kipimo, lakini sauti ikatwe pale ilipo kimya. Wakati wa mazoezi tumia sauti ya mfano, iliyorekodiwa hata kwa simu, na viambishi vinavyotangulia viache mwishoni mwa klipu ya sehemu iliyopita, au ukubali vikosekane kwa muda. Sauti halisi irekodiwe baada ya mfuatano kuamuliwa, mwimbaji akiusikia wimbo kama utakavyokuwa, kwani namna anavyoingia kwenye kiitikio hutegemea kilichotangulia. Akitoka kwenye pumziko la kimya ataingia kwa utulivu, na akitoka kwenye ubeti mzito ataingia akiwa amekwisha kupasha sauti. Huwezi kuhamisha kiitikio cha namna moja ukakiweka mahali pa kingine bila sikio kugutuka.

Maneno nayo yana masharti yake. Kiitikio huhamishika, na beti za kusifu huhamishika, lakini beti zenye kisa hazihamishiki: mhusika hawezi kurudi nyumbani katika ubeti wa kwanza na kuondoka katika ubeti wa pili. Kabla ya kuanza mazoezi yaombe maneno yote kwa maandishi na uweke alama kwenye beti zinazotegemeana. Jedwali la klipu halisomi maneno.

Kuhamia kwenye mstari wa muda

Mazoezi lazima yawe na mwisho. Kwa kawaida mimi hujipa siku mbili za jedwali, na safu zisizozidi nane. Baada ya hapo nachagua mojawapo ya rekodi tatu na sirudi nyuma, hata kama wazo jipya linabisha hodi. Kazi inayobaki kwenye mstari wa muda ni ya viungo, kwa sababu sehemu zilizotengenezwa mbalimbali hukutana kama mabati mawili yasiyofunikana, na mvua hupenya hapo hapo kwenye kiungo.

Pitia kila kiungo kimoja kimoja kwa kusikiliza vipimo viwili kabla yake na viwili baada yake. Mara nyingi tiba ni ndogo: kuikata besi katika pigo la mwisho kabla ya kiitikio, kuiacha sneya ipige mara mbili zaidi, kuuacha mwangwi wa sauti ya ubeti umalizikie ndani ya sehemu inayofuata badala ya kukatika ghafla. Mabadiliko ya sauti yaliyochorwa kwa mkono, kama kichujio kinachofunguka polepole, yahakikishwe yamehama pamoja na sehemu yake; katika FL Studio ni klipu zenye kujitegemea na huachwa nyuma kwa urahisi. Sehemu ikionekana fupi, chagua muda huo katika treki zote na uurudie kwa pamoja, kwa Ctrl, Shift na D katika Ableton Live, badala ya kunakili treki moja moja na kusahau mbili.

Halafu zima kioo. Kuona vipande vikikaribia humwambia mtu kinachokuja kabla masikio hayajakisikia, na kila badiliko huonekana la haki kwa sababu limetarajiwa. Chukua karatasi, usikilize wimbo mzima mara moja kwa spika ya simu, na uandike dakika na sekunde kila pale mawazo yako yanapotoka nje ya wimbo. Rudi kwenye kompyuta na utazame sehemu hizo tu. Kama wimbo wa dakika 3 na sekunde 12 umekuacha kwenye dakika 1 na sekunde 55, hapo ni kipimo cha 48, na jibu karibu kila mara ni kukitoa kitu kilichopo kabla yake ili kirudi pale kikiwa kipya. Ukishamaliza hivyo, hifadhi faili kwa namba mpya, toa nakala isiyo na sauti ya mfano, na umwite mwimbaji aje kurekodi.